Mkoromo wa Kahigi

Renatha Kyaruzi alikuwa na duka dogo la kutengeneza kompyuta pale Bilele, Bukoba, na kila Ijumaa ya pili ya mwezi alipanda basi kwenda Muleba kukagua kompyuta ya Redio Omwani. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kupangusa vumbi, kuangalia feni, kumsikiliza mtangazaji Avit akilalamika. Ila kulikuwa na jambo moja lililomshinda kwa miaka minne. Kila alfajiri redio ilipofunguliwa, kabla ya wimbo wa kwanza, kompyuta ilitoa sauti nzito, krrrr-hoo, kama mtu mzima anayekoroma, kisha ikanyamaza na muziki ukaanza.

Wasikilizaji walikuwa wameshaamua ni nani. Redio ilikuwa na mlinzi mmoja, Mzee Kahigi, na vijiji vyote viliamini kwamba analala studio mpaka Avit anapoingia kumwamsha huku kipaza sauti kimeshawashwa. "Kahigi ameamka," watu waliambiana, wakashika majembe. Mzee mwenyewe, Mlutheri wa maneno machache asiyekosa ibada, alikuwa ameapa mpaka akachoka.

"Mimi nalinda nje," alisema. "Humo studio hata ufunguo sina."

Watu walicheka tu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Renatha alisoma barua pepe iliyotumwa kwa wote wanaofuatilia utunzaji wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta ile. Watunzaji walikuwa katika usafi mkubwa. Draiva nyingi, vile vipande vya programu vinavyoiunganisha kompyuta na vifaa vyake, zilikuwa bado zinaomba kumbukumbu, yaani nafasi ya kufanyia kazi ndani ya kompyuta, kwa mtindo wa zamani, nao walitaka zote zihamie mtindo mpya. Mwishoni mwa barua kulikuwa na orodha ya draiva ambazo hakujulikana mtu mwenye kifaa cha kuzijaribia. Zisipopata mtu, zitafutwa. Ya tatu ilikuwa ya kadi ya sauti ya Redio Omwani.

"Mungu wangu!" alisema peke yake dukani. Draiva ikifutwa, siku mfumo utakapohuishwa redio itakuwa bubu.

Akaifungua na kuisoma mstari kwa mstari. Kuomba kumbukumbu ni kama kuazima sufuria kwa jirani, na aliyeandika draiva ile alikuwa ameazima sufuria akaanza kupakua bila kuchungulia ndani. Kompyuta ilipowashwa, draiva iliomba nafasi ya kuwekea sauti, ikapewa nafasi yenye makombo ya kazi nyingine. Kabla wimbo haujafika, kadi ikawa imeshaanza kuyapiga makombo yale kwenye spika. Na kwa kuwa kompyuta huamka kwa mpangilio uleule kila siku, makombo yalikuwa karibu yaleyale. Mtindo mpya uliileta sufuria ikiwa imeoshwa, sifuri tupu.

Renatha alicheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri simu yake akauliza kuna nini.

"Nimemkamata anayekoroma Muleba," alisema.

Akaandika kiraka cha kurekebisha mahali kumi na moja, akakituma kwa msimamizi wa draiva za sauti, mama mmoja wa Norwei aitwaye Solveig. Kikarudi. "Umechanganya mambo mawili katika kiraka kimoja. Yatenganishe." Akayatenganisha. Kikarudi tena: "Mstari wa mia mbili na sita bado unazidisha ukubwa kwa mkono. Hesabu hiyo iachie kerneli. Namba ikifurika utapewa nafasi ndogo kuliko uliyotaka, na hutajua." Renatha alisonya, akanywa chai, akakubali kwamba mama yule alisema kweli. Mara ya tatu jibu lilikuwa fupi: "Safi. Kijaribu kwenye kadi yenyewe, uniambie."

Ijumaa ya pili ya mwezi ilipofika alikwenda Muleba mapema, akaweka draiva mpya, akalala kwa binamu yake. Jumamosi alfajiri alikuwa amekaa studio karibu na Avit. Avit akawasha. Kimya. Kimya safi, kama bakuli jipya. Kisha ukaanza wimbo wa kwaya, wa taratibu, ambao Avit aliuchagua bila kufikiria lolote.

"Umemponya!" Avit alisema. Nje, Mzee Kahigi alipoambiwa, alivua kofia, akatazama juu, akaivaa tena.

Saa tatu asubuhi geti likagongwa. Kahigi alipofungua alimkuta Ma Kokubanza, mama mtu mzima wa kijiji cha jirani, na mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake walikuwepo wanawake sita na kuni, na wanaume kadhaa waliovaa makoti ya msibani.

Ma Kokubanza alimtazama. Mkungu ukayumba.

"Kahigi! Wewe si umekufa?"

"Ma, waitu," Kahigi alimjibu kwa heshima ya Kihaya, "mimi ndiye ninayekufungulia geti."

"Asubuhi hukukoroma! Halafu wakapiga wimbo wa maziko!"

"Sijawahi kukoroma!" Kahigi akapaza sauti, na hapo Renatha, aliyekuwa ameshatoka mlangoni, akagundua kwamba hajawahi kumsikia mzee huyu akipaza sauti. Barabarani watu walizidi kuja. Bodaboda moja ilibeba turubai la msibani. Kutoka Bukoba shemeji yake Kahigi alikuwa amepiga simu kwamba yuko kwenye basi, analia.

Avit hakungoja. Alimshika mzee mkono, akamkalisha mbele ya kipaza sauti. Kahigi akakohoa.

"Ni mimi, Kahigi," alisema. "Mimi ni mzima. Aliyekuwa akikoroma miaka yote hii ni kompyuta, na huyu binti wa Kyaruzi ameitibu. Shemeji, teremka kwenye basi."

Kisha, kwa vile hakuna aliyemzuia, akaendelea kwa dakika ishirini: mvua ilivyonyesha usiku, mibuni ya nani imechanua, ng'ombe wa nani amekutwa barabarani. Analinda nje, basi anaona kila kitu. Pale uani watu walisikiliza kwenye simu zao.

Chakula kilicholetwa msibani hakirudishwi nyumbani. Kuni zikawashwa, ndizi zikamenywa, mtu akaleta maharage, na marehemu ndiye aliyepakuliwa sahani ya kwanza. Ma Kokubanza alimfinya Renatha shavu. "Wewe ni mtoto mbaya," alimwambia. "Sasa nitaamkaje?"

Swali lile lilimkaa Renatha kichwani. Jumatatu alimwandikia Solveig kila kitu, maana watunzaji wa kerneli wana sharti moja kubwa: usiharibu kitu ambacho watumiaji wamekizoea. Je, mkoromo ulikuwa kitu cha namna hiyo?

Solveig alijibu siku hiyohiyo. Alisema amesoma barua mara mbili, na ya pili alimsomea mumewe. Makombo ya kumbukumbu hayalindwi na sharti lolote, maana leo ni mkoromo, kesho ni neno la siri la mtu. Kiraka kimepita. Akaomba ruhusa ya kuandika katika maelezo ya kiraka hicho kwamba katika majaribio mtu mmoja aliyekuwa hai aliombolezwa. Chini akaongeza: draiva hii haina mtunzaji, je, jina lako liandikwe?

Renatha aliinuka, akazunguka duka. Akafikiria viraka vitakavyokuja kutoka kwa watu asiowajua, kila mmoja akingoja neno lake, na yeye ndiye atakayewaambia kuwa wamechanganya mambo mawili. Akaketi, akaandika: "Liandikwe. Renatha Kyaruzi, Bukoba." Akasoma tena jina lake mwenyewe kabla ya kutuma, kuhakikisha hakukosea herufi.

Ijumaa iliyofuata meneja wa redio alimpa Mzee Kahigi dakika kumi za kila alfajiri, za habari za usiku. Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba apewe kiti cha getini, maana miaka yote alilinda akiwa amesimama.