Nusu ya Jino

Wakesho alizinduka sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa vya sare za shule, mdomo umejaa ladha ya damu. Wenzake wa karakana ya ushonaji walikuwa wamemwinamia. Selpha, aliyewazidi wote umri, bado alikuwa ameshika kijiko.

"Pole, mdogo wangu. Nilikuwekea usije ukameza ulimi."

Wakesho alipapasa jino la mbele kwa ulimi uliovimba. Nusu haikuwepo. Alitaka kupiga kelele, lakini mwili ulikuwa umechoka kama uliolima kutwa, na sketi ilikuwa imelowa. Akageukia ukuta.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa amemaliza miezi kumi na minne bila kuanguka. Halafu vidonge vya kifafa vikaisha kliniki. Akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki hiyo na iliyofuata akaambiwa vivyo hivyo. Akaanza kumeza nusu nusu ili vilivyobaki vidumu. Hakumwambia mtu. Mama angesikia, angemrudisha nyumbani Mraru siku hiyo hiyo.

Mama alisikia tu. Jioni alikuwa ashafika Voi na begi lake, akapiga kambi kwenye chumba cha binti yake. Wakesho akiingia kuoga, mlango ulibishwa.

"Wakesho, uko?"

"Niko, mama."

"Usifunge komeo."

Akishika mwiko, mama aliuchukua. Akikohoa, mama alisimama.

"Mama, nimekohoa tu!"

"Najua. Lakini ni mimi niliyekutoa kwenye moto ukiwa na miaka tisa."

Wakesho alivuta mkono wa blauzi akafunika kovu lake.

Siku ya nne alirudi kazini. Kwenye mashine yake ya umeme alikaa mtu mwingine. Kavetsa, mwenye karakana, alimkabidhi bakuli la vifungo.

"Kwa sasa utashona hivi kwa mkono."

"Madam, nani hapa hushona kola kunishinda?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi ukiiangukia ile sindano, nitamwambia nini mama yako?"

Wakesho aliweka bakuli chini, akaenda kliniki moja kwa moja. Safari hii vidonge vilikuwepo. Daktari Mutinda alipojua habari ya nusu nusu, alikunja uso.

"Dawa hii haipunguzwi hivyo. Ungeniambia."

"Nilikuja hapa mara tatu, daktari! Mara tatu!"

Mutinda alivuta karatasi. Kisha akamwandikia barua ya kazini, na chini yake akaweka namba yake ya simu.

Kesho yake Wakesho alisimama katikati ya karakana akaisoma kwa sauti. Akianguka, wamlaze ubavu na kuangalia saa. Zikipita dakika tano, wamkimbize hospitali. Wasimkandamize.

"Na msiniwekee kitu mdomoni," akamalizia.

Selpha aliinuka. "Kwa hivyo mimi ndiye mbaya?"

"Ulinivunja jino, Dada Selpha."

Selpha akatoka nje. Alirudi baada ya kitambo, macho mekundu, akasimama mbele ya Wakesho.

"Ubavu upi?"

"Wowote. Hata wa kushoto."

"Haya."

Kavetsa aliichukua barua, akaikunja, akaonyesha cherehani kuukuu ya kukanyaga karibu na dirisha. "Kaa pale miezi mitatu. Ukiwa sawa, tutaongea habari ya umeme."

Wakesho alitaka kumwuliza ile miezi kumi na minne ilihesabiwa wapi. Badala yake akakaa. Kufika jioni alikuwa ameshona kola kumi na moja. Kwenye mashine yake zingekuwa thelathini. Alikanyaga kwa hasira hadi mkanda ukachomoka. Akaurudisha kwenye gurudumu, akachukua kola nyingine.