Mawazo ya Justina, Siku ya Posa

Theodora alipanda kwa wazazi wake, Kirua Vunjo, Jumamosi asubuhi akiwa na hadithi iliyomshinda. Alikuwa ameiandika nyumbani kwake Soweto, mjini Moshi. Ilihusu siku baba yake alipokwenda kumposa mama yake. Kila kitu kilikuwepo, pombe ya mbege, wazee, mvua, ila ukiisoma ilikuwa baridi kama supu ya mtori ya jana.

Baada ya shikamoo na chai, aliketi jikoni, kompyuta mapajani. Mama yake, Justina, alikuwa akimenya ndizi. Baba yake, Fabian, alikuwa nje ya mlango akikatakata majani ya ng'ombe, sikio likiwa ndani. Theodora akawasomea:

"Justina alifikiri kwamba koti la kijana yule halikuwa lake. Fabian naye alifikiri kwamba asingeweza kuishi bila binti huyu."

Mama akacheka. "Mwanangu, mimi sikufikiri hivyo kama hakimu! Nilimwona anaingia, nikasema moyoni: eh, koti la kaka yake hilo! Akiinua mkono litachanika."

Theodora akafuta, akaandika upya: "Fabian aliingia, akawainamia wazee. Eh, koti la kaka yake hilo. Akiinua mkono litachanika."

Matendo aliyaacha katika wakati uliopita, lakini wazo lilikuja bichi, kana kwamba Justina analiwaza sasa hivi. Aliposoma, mama alijiziba mdomo.

"Ndiyo mimi huyo!"

"Na mimi je?" baba akauliza. "Mbona mawazo yangu umeyafuta?"

"Baba, tumekaa kichwani mwa mama. Siku ile hakujua kama unampenda au umesukumwa na wazee. Msomaji akijua mapema, atasubiri nini?"

"Kwa hiyo nimebaki koti tu!"

Walicheka wote. Theodora alimhurumia, akairudisha ile sentensi ya mawazo yake na kuisoma kwa sauti. Mama mwenyewe akakunja uso.

"Hapana. Hapo wasiwasi wangu umekwisha. Niache nihangaike kwanza."

Sentensi ikatoka.

"Basi andika hadithi ya pili," baba akasema, akiweka panga chini na kuingia ndani. "Yangu. Na humo mama yako asiwaze chochote."

Theodora akafungua ukurasa mpya. "Unaanzia wapi, baba?"

"Bomang'ombe. Niko kituoni, nasubiri basi, na sijui hata nitasema nini nikifika..."

Mama akaacha ndizi, akasogeza kigoda karibu. Hayo hakuwahi kuyasikia.