Kichupa Kitupu

Mke wangu alikufa kwa kifua kikuu sugu, na mpaka leo nawalaumu wakubwa wa hospitali, maana walimpa dawa zilezile miezi minane huku anakwisha mbele ya macho yao. Kwa hiyo binti yangu alipoanza kukohoa damu akalazwa, nilikwenda maabara kila wiki kuwasimamia.

Wiki ya sita mpimaji, mama mmoja mwenye maneno, alinionyesha vichupa walimopanda makohozi ya binti yangu waone kama vidudu vitaota. Vinne vilikuwa na dawa moja moja, na vyote vilijaa vidudu kama makombo ya mkate. Cha tano kilikuwa kitupu.

"Hiki mmesahau kupanda," nikafoka. "Ndiyo kazi yenu hiyo!"

"Baba, punguza moto. Tumepanda. Humu kuna dawa mbili pamoja. Moja moja vidudu vilizicheka, zilipoungana hakikubaki hata kimoja."

"Kwa hiyo kitupu ndicho kizuri?"

"Ndicho. Kingejaa hiki, leo ningekukimbia."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Dawa hizi zilikuwepo wakati wa mama yake?"

Akainama. "Zilikuwepo. Hakuna aliyetuambia tuzijaribu pamoja."

Sikushangaa. Nilimpigia simu binti yangu wodini, nikamwambia dawa imepatikana, ale, apate nguvu ya kuimeza. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikachukua karatasi ya majibu, nikaenda kukaa mlangoni kwa daktari mkuu, na sikuondoka mpaka alipotia saini binti yangu apewe dawa zote mbili pamoja.