Nyanya za Unga wa Muhogo

Mwaka ule dawa ya wadudu wa pamba ilikuwa imejaa madukani, kila mtu ananunua anavyotaka, na inayobaki anapulizia nyanya. Nyanya zikafika sokoni Mwanza na madoa meupe. Wateja wakayapenda hayo madoa! "Hizi hazina funza," wanasema, wanafuta moja kwenye kanga, wanatia mdomoni.

Zetu hazikuwa na doa hata moja. Mara mbili mimi na shangazi Paskazia tulivuka ziwa kurudi kwetu Kamanga na tenga limejaa. Baba akasema, "Modesta, Jumamosi mkirudi nazo tena, Jumapili nachukua pampu, napuliza shamba zima." Mimi nilikuwa nimewaona kuku wa jirani waliodonoa nyanya zilizopulizwa wakifa. Sikutaka.

Jumamosi, ndani ya kivuko, shangazi akafungua fundo la kanga. Unga wa muhogo.

"Wanataka weupe? Tutawapa weupe."

Yeye akanyunyiza maji kwa vidole, mimi nikapaka unga kwa kitambaa. Abiria mmoja akauliza kama nyanya zinapelekwa kubatizwa. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Sokoni, Masele wa meza ya pili, ambaye zake zilipulizwa dawa kweli, akatuchungulia. "Naona siku hizi mmepata akili."

Hatujauza hata fungu moja, akaja Mama Wilhelmina, mpishi wa harusi, yeye hununua kwa tenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanangu, leo nataka nyanya ambazo hazijaguswa na dawa. Harusi iliyopita watu wamekula kachumbari, wakaacha muziki, wakapanga foleni chooni, bibi harusi mbele yao!" Akatazama zetu. "Nanyi pia! Nyeupe kama ukuta wa kanisa."

Akageuka kuondoka. Mimi si msemaji. Nikachagua nyanya nyeupe kuliko zote, nikailamba, mbele na nyuma.

"Mayu, mama yangu!" akapiga kelele muuza dagaa. "Binti anakufa!"

"Ni unga wa muhogo, mama," nikasema, ulimi mweupe. "Wateja walizikataa kwa kukosa madoa, tukazipaka wenyewe. Onja."

Mama Wilhelmina akanitazama kwa muda, anasubiri nianguke. Sikuanguka. Akapitisha kidole kwenye nyanya, akaonja. Mabega yakaanza kutikisika kabla kicheko hakijatoka.

"Muhogo! Jamani, muhogo mtupu!"

"Hata mimi zangu ni unga," Masele akadakia.

"Haya, baba, lamba tuone," Mama Wilhelmina akamwambia.

Soko zima likaitikia: "Lamba! Lamba! Lamba!" Masele akaokota nyanya yake, akaifikisha kidevuni, akasema ana kikohozi. Wateja wawili wakamrudishia mafungu yake mezani.

Mama Wilhelmina alichukua zetu zote. "Jumamosi ijayo mniletee matenga mawili. Na msizipake kitu!"

Baba alitusubiri kivukoni Kamanga. Nilishuka nimelivaa tenga kichwani kama kofia. Akaliinua, akachungulia, akakuta nywele zangu tu. "Nani kanunua?" Shangazi alijaribu kumjibu, kicheko kikamkalisha chini.

Jumapili, tulipotoka kanisani, pampu haikuguswa. Baba alishinda shambani akitoa funza mmoja mmoja kwa mkono, akiwatukana kwa Kisukuma, nasi nyuma yake tukimsaidia kutukana.