Askofu wa Mama Mkwe

Cheche hakwenda kwa mama mkwe wake wa zamani kwa mapenzi. Mapenzi hayakuwahi kuwapo kati yao, hata siku ya harusi, ambapo bibi yule alikaa kiti cha mbele amenuna kama aliyekuja kuzika. Alikwenda kwa sababu maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Chama cha chesi kilikuwa na chumba ghorofani, juu ya duka la rangi, na kilikuwa na desturi yake. Wanachama wawili wakishindwa kukaa pamoja bila kutukanana, walicheza mchezo mmoja mbele ya wote. Aliyeshindwa alirudisha ufunguo wake na asionekane tena. Wakitoka sare, wote wawili walibaki, na wenzao wakawaombea subira. Waliuita mchuano wa mlango. Tangu talaka, Cheche na Mhasibu, aliyekuwa mumewe, walikuwa wamegombania viti, dirisha, hata saa ya mezani, mpaka mwenyekiti akachoka nao, akawaitia mchuano huo. Kura ya rangi ilipopigwa, kete nyeupe zikamwangukia Cheche.

Ukumbuke kwamba chumba kile ndicho pekee alichobaki nacho. Mchana kutwa alichomelea mageti kwenye karakana ambako kelele hazikuacha mtu aongee, na jioni nyumbani alizungumza na kuta. Pale ghorofani alikuwa na jina, na wa kutaniana nao, na wa kugombana nao. Akifukuzwa pale, amekwisha.

Na Mhasibu akicheza kete nyeusi hakuwa na jibu jingine ila ufunguzi uitwao Kinga ya Sisilia. Ukimsogeza askari wa mfalme katikati, hakukukabili uso kwa uso. Alitokea ubavuni, akakaa, akakungoja ujirushe, kisha akakuokota vipande vipande. Cheche naye alikuwa mtu wa kujirusha. Miaka yote ya ndoa alimvamia mumewe kwa mbwembwe, na miaka yote hiyo akaishia kulaza mfalme wake mwenyewe na kukubali kushindwa.

Dawa aliijua mtu mmoja tu, yule aliyemfundisha Mhasibu chesi utotoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umefuata nini? Masufuria ulishabeba."

Cheche akaeleza pale pale mlangoni. Bibi, mkutubi mstaafu, akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akacheka kicheko kikavu.

"Ingia. Vua viatu. Usiguse kitu."

Sebule ilinuka sabuni. Ubao ulikuwa tayari mezani, kana kwamba alitarajiwa.

"Mtoe askofu," bibi akasema. "Mpeleke akakabiliane na farasi wake. Sasa mle huyo farasi."

"Nimpoteze askofu wangu kwa farasi?"

"Humpotezi, we kipofu. Tazama. Amemla askofu wako kwa askari, sasa ana askari wawili safu moja, mmoja kisogoni mwa mwenzake. Hawawezi kulindana. Hilo ni kovu, na halitapona mpaka mchezo uishe."

"Halafu namvamia!"

Bibi akamchapa vidole kwa rula. "Halafu unatulia! Huyu askari hatua moja. Yule pale pembeni hatua moja. Unafunga dirisha hili, unafunga lile. Humpigi mtu. Unamnyima hewa tu. Au unadhani ndoa yako iliuawa na nini, kama si papara?"

Cheche aliumeza ule mfupa. Alirudi tena na tena, na kila aliporudi alitukanwa: mikono yake michafu, akili yake nyepesi, mwendo wake wa kiume. Alimchukia bibi yule kwa moyo wake wote, na alijifunza. Kilichomtesa zaidi si matusi, bali kukaa. Mikono ilimwasha. Aliona nafasi ya kutoa farasi kafara na kumfukuza mfalme nje, na rula ilikuwa inamngoja.

Siku ya mwisho akauliza, "Mama, mbona unanisaidia nimwangushe mwanao?"

"Nani anakusaidia wewe? Tangu muachane amerudi chumba chake, lakini hapa anakuja kulala tu. Jioni zake zote ziko kwenye hicho chumba chenu. Mfungie. Atakaa kiti kile pale, na atacheza na mimi kama zamani."

Cheche akakitazama kiti. Mto wake ulikuwa umepigwa pasi. Akajiambia kila mtu abebe mzigo wake, akaaga.

Siku ya mchuano Mhasibu alikuja anatabasamu. "Leo utaniunguza na nini, fundi?"

Wakaanza, Sisilia kama kawaida. Cheche akamtoa askofu. Tabasamu la Mhasibu likakwama. Askofu akamla farasi, wale askari wawili wakapangana mmoja kisogoni mwa mwenzake, na Cheche akatulia. Mhasibu akaacha upenyo mbele ya mfalme wake, makusudi kabisa, mtego wa kumnasa mwenye papara. Cheche alitamani mpaka jasho likamtoka. Akaukalia mkono mmoja, na kwa mwingine akasogeza askari wa pembeni hatua moja.

"Huyu leo kameza barafu?" mtu akanong'ona nyuma. Mwingine akapiga miayo.

Lakini mezani hewa ilikuwa inaisha. Ngome za Mhasibu zilibanana kama watu kwenye lifti. Askari wa mbele kwenye ile safu ya kovu akaanguka, na wa nyuma akawa anangoja zamu yake. Mhasibu akainama.

"Amekufundisha yeye."

Cheche akaendelea kuutazama ubao.

"Askofu huyo nilikuwa nawekewa kila jioni. Wenzangu wako nje na mpira, nawasikia. Siinuki mpaka nishinde, na sishindi. Sisilia niliisoma ili nitoke kwenye kile kiti. Hata kukuoa niliharakisha ili nitoke."

Maneno hayo yalimchoma Cheche kuliko matusi yote ya bibi.

"Tukubaliane sare," Mhasibu akasema. Kisha akaongeza neno ambalo hakuwahi kumwambia katika ndoa yao yote: "Tafadhali."

Sare isingempunguzia Cheche kitu. Angebaki na ufunguo wake, na kiti chake, na watani wake. Alilijua hilo vizuri. Akilini aliuona pia ule mto uliopigwa pasi, akamwonea huruma, huruma ya kweli. Lakini chini ya huruma palikuwa na kitu kitamu, na mikono yake, kwa mara ya kwanza, haikuwasha hata kidogo.

"Cheza," akasema.

Mhasibu akacheza. Cheche akamla askari wa pili, taratibu, akabonyeza saa. Hakukuwa na mahali pa kwenda tena. Mhasibu akamlaza mfalme, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka katikati ya ubao. Hakuna aliyepiga makofi. Alipofika mlangoni akasimama, mkono kwenye kitasa, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Msalimie Mama," Cheche akamwambia.