Soksi Juu ya Kabati

Udongo wa kaburi la mume wangu ulikuwa haujakauka vizuri shemeji yangu alipokuja na kufuli jipya la geti. Alisema uwanja ni wa kaka yake, mabanda ni ya kaka yake, na mbwa wote wa Labrador waliomo ni wa kaka yake, kwa hiyo sasa ni vyake. Mimi niliyekesha bandani na Bibi, jike letu la manjano, alipokuwa na uchungu wa kuzaa, nikaambiwa nikusanye nguo. Katika watoto wa Bibi akanipa mmoja tu, yule mdogo wa mwisho ambaye mnunuzi asingemtazama mara mbili.

"Chukua hako kapunje," alisema. "Na ukitoka, shemeji, funga geti, wasitoke."

Nililifunga. Maneno yale niliyaweka moyoni kama akiba.

Nikamwita Punje hivyo hivyo, nikamlea kwenye chumba cha kupanga chenye korido nyembamba. Kwa mbwa mdogo korido ni shule nzuri kuliko uwanja. Unafunga milango ya pembeni, unakaa sakafuni, unarusha kitu karibu. Akishakiokota hana njia ila kurudi kwako. Nilitumia soksi ya marehemu, nimeipiga fundo. Akirudi nayo sikumnyang'anya. Nilimpapasa mgongo akiwa bado ameing'ata, mpaka mwenyewe aiachie. Narusha tena, labda na mara moja nyingine, basi. Soksi inapanda juu ya kabati naye angali anaitaka, analia, anakwaruza mbao. Mume wangu alikuwa akisema mtoto wa mbwa hafundishwi kuleta, anafundishwa kutamani. Mdogo wake hakuwahi kukaa akamsikiliza.

Jumapili niliruhusiwa kwenda kumwona Bibi. Msidhani ni huruma. Shemeji alitaka watazamaji. Alipanga majirani kwenye viti vya plastiki, akasimama katikati ya uwanja na ndoo ya mipira. Ndugu zake Punje, wale wanne waliobaki, walikuwa moto. Jitu, dume kubwa kuliko wote, alidaka mpira kabla haujatua. Shemeji akarusha, akarusha, akarusha, mpaka ndimi zikagusa nyasi. Aliyechelewa kuachia mpira alivutwa mdomo kwa nguvu.

"Unaona, shemeji?" alinigeukia, jasho linamtiririka. "Kaka alikuwa anawabania hawa."

Ningeweza kumwambia. Neno moja lingetosha. Nikamtazama Bibi, mbavu nje, amefungwa mnyororo nyuma ya banda asije akasumbua wageni, na neno likarudi lilikotoka.

"Una mkono, shemeji," nilisema. "Rusha tena."

Basi kila Jumapili nikawa namvika kilemba cha ukoka. Nilipiga makofi kuliko jirani yeyote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wangu alimimina ndoo nzima. Akawa anawarushia kabla ya chai, anawarushia juani, anawarushia jioni wageni wakija. Nami nikawa naona wasichokiona wenye viti: Jitu anautazama mpira ukipita, ndipo anainuka. Siku nyingine anaufuata akitembea. Halafu ikaja siku aliyofika, akaunusa, akaukojolea. Majirani walicheka. Mimi nilicheka zaidi, na roho yangu ilikuwa tamu kwelikweli, sitadanganya.

Ndipo ikasikika kwamba kikosi cha uokoaji kinatafuta mbwa wadogo wa kufunzwa, na mkaguzi wao atakuja uwanjani. Nikaomba nimlete Punje.

"Hako?" Shemeji aliwageukia majirani, akacheka hadi akashika mbavu. "Sikia, shemeji. Kakileta kitu na wangu wasilete, Bibi mchukue leo leo."

"Mmesikia wote," nilisema. Bibi ndiye niliyemtaka. Uwanja na kufuli lake avitafune.

Mkaguzi alikuwa mama mnene, mchache wa maneno. Alitoa mfuko wa turubai uliojazwa matambara, akaurusha nyasini. Jitu aliutazama ukiruka, akautazama ukitua, akalala. Wa pili akajikuna. Wa tatu akaenda kivulini. Wa nne alifika nusu ya njia, akamwona shemeji anamjia mikono mbele, akafyata mkia akakimbilia bandani.

"Leta! Leta, wewe!" Sauti ya shemeji ilikwaruza.

Zamu yetu ikafika. Nilimshika Punje kifua mpaka mfuko ulipotua, moyo wake unanigonga kiganjani, kisha nikamwachia. Mfuko ulikaribia kuwa mkubwa kuliko yeye. Aliuburuta, akajikwaa, akaanguka nao, akaufikisha mapajani kwangu, akagoma kuuachia.

"Huyu ana njaa," alisema mkaguzi. "Unamlisha nini?"

"Kidogo kidogo, mama."

Shemeji aliupiga teke mfuko. "Chukua Bibi wako! Na haya mazoba ondoka nayo yote, nani atalisha matumbo ya bure?"

Mkaguzi aliwatazama wale wanne, akafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu. Alinitazama, akakifunga.

Nyumbani sikuwaonyesha mpira wala soksi. Walikula, walilala, walimng'ata masikio mama yao, wakachoka kukaa bure. Asubuhi moja nikaishusha soksi ya marehemu kabatini, nikairusha kwenye korido mara moja tu. Jitu aliyafumbua macho. Nikairudisha juu. Siku ile alilala chini ya kabati, pua juu, hakutaka hata kula.

Kikosi kiliwachukua Punje na Jitu, kikanipa kiuwanja nyuma ya ghala lao niwafunze wote. Shemeji alikuja huko. Alisimama akimtazama Jitu anavuka nyasi mbio na mfuko mdomoni.

"Ulijua," alisema. "Tangu mwanzo ulijua hamu yao itarudi."

"Tangu mpira wa kwanza, shemeji."

"Hukuniambia."

Niliinua soksi ya kaka yake. Pua zote zikapanda, ya Bibi ya kwanza.

"Ukitoka," nikamwambia, "funga geti, wasitoke."