Macho Hayapimwi kwa Niaba

Siwema aligundua kwamba macho yake yamekwenda kupimwa bila yeye pale alipopapasa dirishani kutafuta miwani akaambulia vumbi. Akapapasa chini ya mto, akapapasa mkekani, hakuna. Somo yake, Bi Kidawa, aliyekuwa akimsinga liwa usoni na miguuni, akamwambia atulie.

"Miwani imekwenda Maili Moja na Yasmin," alisema. "Shangazi yako kamtuma akakupimie zile lensi za kuvaa ndani ya jicho. Wewe si mwali? Mwali hatoki."

Ilimchukua Siwema muda kuamini. Ni kweli gauni lake la harusi lilipimwa mwilini mwa Yasmin, mdogo wake, na viatu vilijaribiwa miguuni mwa Yasmin, maana mwali akishawekwa ndani hatembezwi kwa mafundi. Lakini jicho? Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake kiwandani Zegereni, akikagua chupa zisipite na ufa, na leo alikuwa ameketi chumbani Tangini, Kibaha, kama gunia, hajui aliye mbele yake ni Bi Kidawa au ni pazia.

Yote hayo yalitokana na uongo wa mtu mmoja. Shangazi Mwanajuma, dada wa marehemu baba yao, ndiye aliyesimamia posa. Wakwe wa Kisarawe walipouliza hali ya binti, alijibu haraka kwamba ni mzima wa kila kitu, hata sindano gizani anaiona. Nani alimwomba? Latifu, mchumba mwenyewe, alimjua Siwema na miwani yake tangu walipokutana kiwandani. Lakini shangazi alidai mama mtu akisikia habari ya miwani atasema analetewa kipofu wa kumzalia vipofu, akamwapisha Latifu anyamaze. Latifu, ambaye kwa mama yake ni mwoga wa kutupwa, akanyamaza.

Siku wakwe walipokuja kumwona, shangazi alimvua miwani mlangoni. Siwema akaingia akinyatia, akaona ukungu wa kanga ya rangi ya machungwa, akapiga magoti akatoa shikamoo ya adabu zote. Kumbe yule alikuwa mke wa mshenga. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni yake, akarukwa. Tangu siku hiyo mama yule hakumsemesha tena, na shangazi akasema ndivyo alivyo, atamzoea.

Yasmin alirudi mchana, jasho likimtoka, miwani ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Dada, nimefukuzwa," alisema kabla hajakaa. "Shangazi aliniambia nikionyeshwa herufi niseme sioni. Nikasema sioni. Dokta akaniweka kidevu kwenye mashine, akachungulia, akasema, binti, macho yako mazima, unanitania? Akaipima miwani. Akasema mwenye miwani hii aje mwenyewe, macho hayapimwi kwa niaba."

Shangazi Mwanajuma, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuona haya hata chembe. "Basi tumwache na mashine zake. Kuna binti anauza vipodozi pale stendi, anazo za kijivu, zinamkaa kila mtu. Mpambaji atamvalisha asubuhi ya harusi, tumemaliza."

"Shangazi, hata mfuniko mmoja haukai kila sufuria," alisema Siwema.

Akainuka na liwa yake usoni, akavaa baibui, akachukua miwani kwa Yasmin. Bi Kidawa akasema mwali akitoka kabla ya siku yake analeta mkosi. Shangazi akasema ukivuka mlango huo usiniite shangazi. Siwema alikuwa na jibu, tena lenye miba, akalimeza kwa heshima ya baba yake. Akavuka.

Mtaalamu wa macho pale Maili Moja aliitwa Husseini. Alipoona liwa iliyokauka usoni alielewa mwenye miwani amefika. Akamuuliza kwa nini anataka lensi.

"Shangazi yangu anataka."

"Nimekuuliza wewe."

Katika zogo lote lile hakuna aliyekuwa amemuuliza Siwema. "Kazini kuna mvuke," alisema. "Vioo vinaingia ukungu, nikiinama miwani inadondoka. Nilikuwa nazitaka hata kabla ya harusi."

Basi akanawa uso, akapimwa mwenyewe. Mashine ikapima mviringo wa kila jicho, Husseini akaangalia kama machozi yanatosha, akamweleza kwamba la kulia halina shida ila la kushoto limepinda kidogo, linahitaji lensi isiyozunguka jichoni. Akamvalisha za kujaribia. Ya kushoto ilimchoma, akamwambia apepese, asubiri kwenye benchi. Aliporudi, Husseini akamulika, akaona lensi imebana, akaitoa na kuweka nyingine pana zaidi. Safari hii mchomo ukaisha. Siwema akainua kichwa, na kwenye kioo cha ukuta wa pili akauona uso wake mtupu, bila miwani, na nyusi za baba yake. Alilia. Alilia kwa hasira, kwamba kitu chenyewe kilikuwa hiki tu, kisichohitaji uongo wa mtu.

"Hizi ni za kujaribia, zinabaki hapa," alisema Husseini. "Zako naagiza Dar, ya kushoto itachelewa wiki mbili hivi. Zikija utajifunza kuzivaa na kuzitoa hapa mbele yangu."

"Harusi ni Jumamosi. Na zile za kijivu zinazouzwa stendi?"

"Ukivaa zile utanitafuta Jumapili na jicho lililovimba. Jumamosi vaa miwani."

Jumamosi Siwema alizitupa lensi za kijivu kwenye ndoo ya taka, mpambaji akishuhudia. Lakini Kisarawe, mlangoni kwa wakwe, Siwema alipofunikwa kanga, mkono ulipenya chini yake ukainyakua miwani. Aliujua kwa mlio wa bangili za shangazi.

Akaketishwa mkekani katikati ya vigelegele. Kanga ilipofunuliwa aliona ukungu wa rangi, wanawake wamejipanga mbele yake, wote wakingoja amwamkie mama mkwe. Angeweza kubahatisha. Alishabahatisha mara moja.

"Shangazi, naomba miwani yangu."

Vigelegele vikakatika. Shangazi Mwanajuma akacheka. "Mwali wetu ana utani."

"Sina utani. Mimi sioni mbali, navaa miwani tangu darasa la nne. Nataka nimwone mama kabla sijamwamkia."

Sauti ikatoka karibu kabisa. "Kwa hiyo siku ile Kibaha hukuniona?"

"Sikukuona, mama. Nilivuliwa miwani mlangoni."

"Na mimi nikajua umeniruka makusudi," alisema Bi Mwamvita, mama yake Latifu. "Nikamwambia mwanangu, huyo binti ana dharau, achana naye. Akainama, hakusema neno. Nimekaa na kinyongo mpaka leo hii, nimepika pilau la harusi nina kinyongo." Akageuka. "Mpe miwani yake."

Miwani ikatoka kifuani mwa shangazi, ina jasho na manukato. Siwema akaifuta taratibu kwa pindo la kanga, akaivaa. Aliona mwanamke mwembamba mwenye kovu dogo kwenye paji la uso, amevaa kanga ya kijani, wala si ya machungwa. Hasira zake zilikuwa bado zipo, nzima, na zile alizokuwa nazo juu ya Latifu alikuwa amezitenga pembeni kwa baadaye. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwamvita, kisha akamgeukia Shangazi Mwanajuma, ambaye alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.